Mchezo wa ramani na dira: kila mtu ana nafasi



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, tukisikia neno "michezo" mawazo ya wengi wetu hukimbilia kwenye mpira wa miguu. Jumapili alasiri vijana 22 huingia uwanjani, na parokia nzima huzunguka uwanja kuwatazama. Kusema kweli, wanaopata mazoezi ni wale 22 tu. Akina mama, wazee, watoto wadogo na akina baba wenye vitambi hurudi nyumbani na sauti zilizokauka kwa kushangilia, na shinikizo la damu likiwa pale pale.

Mwezi huu tunapenda kuwaeleza mchezo mmoja ambao karibu hauna watazamaji. Unaitwa orientiringi, yaani mchezo wa kutafuta vituo msituni au mashambani kwa kutumia ramani na dira. Katika mchezo huu mtoto wa miaka 8 na babu wa miaka 80 wanaweza kushiriki siku moja, katika msitu mmoja, kila mmoja kwa njia inayomfaa. Na yule asiyeweza kukimbia hata hatua kumi bado anahitajiwa sana, kwa maana bila watu wa kujitolea kuandaa, mchezo huu haupo.

Tumeuchagua pia kwa sababu nyingine. Mchezo huu umewahi kupita katika msiba mkubwa, na msiba huo uliacha fundisho la afya ambalo kila mzazi mwenye kijana mwanamichezo anapaswa kulijua. Tutalieleza hapa chini.

Mchezo wenyewe ukoje?

Mshiriki hupewa ramani ya eneo la mchezo. Ramani hii ina mambo mengi kuliko zile tulizozoea shuleni. Mara nyingi skeli yake ni 1:10,000, maana yake sentimita 1 katika ramani ni mita 100 ardhini. Hata jiwe kubwa, shimo, au kijito kidogo huonyeshwa. Rangi zake zina maana: kahawia ni mistari ya kontua inayoonyesha miinuko na mabonde, buluu ni maji, nyeusi ni miamba, njia na majengo, njano ni uwanda ulio wazi. Wageni wengi hushangaa kuambiwa kwamba nyeupe ni msitu. Ndivyo ilivyo: nyeupe ni msitu unaopitika kwa urahisi, na kijani ni vichaka vinavyozuia mtu kupita. Kadiri kijani kinavyokolea, ndivyo kichaka kinavyozidi kuwa kizito.

Juu ya ramani hiyo huchorwa njia ya mashindano kwa rangi ya zambarau. Pembetatu ni mahali pa kuanzia. Maduara yenye namba ni vituo vya kutafuta, kwa kufuata mpangilio wa 1, 2, 3 na kuendelea. Duara ndani ya duara ni mwisho. Ukifika mahali penye kituo unakuta kibendera chenye pande tatu, kila upande sentimita 30 kwa 30, nusu nyeupe na nusu rangi ya machungwa. Kina namba yake ya utambulisho, nawe unailinganisha na ile iliyoandikwa kwenye karatasi yako ili kuhakikisha hukupotea. Kisha unaitoboa kadi yako kwa kitobolea kilichofungwa hapo. Kila kitobolea kina sindano zilizopangwa kwa namna yake, hivyo hakuna awezaye kudanganya kwamba alifika. Siku hizi mashindano mengi hutumia kidude cha elektroniki kinachovaliwa kidoleni.

Kati ya kituo na kituo hakuna anayekuonyesha njia. Utapanda kilima ili ufike upesi, au utazunguka kwa njia ya miguu iliyo ndefu lakini salama? Uamuzi ni wako. Hapa ndipo wahenga wetu wanapothibitishwa: haraka haraka haina baraka. Kijana mwenye mbio anayekurupuka bila kusoma ramani hupotea, na mama anayetembea kwa makini humpita. Ili watu wasifuatane kama kondoo, washiriki huondoka mmoja mmoja, wakipishana kwa dakika moja au mbili.

Ulianzia wapi?

Mchezo huu ulizaliwa katika nchi za kaskazini ya Ulaya, Uswidi na Norwe, ambako mwishoni mwa karne ya 19 wanajeshi walifundishwa kupita msituni kwa ramani na dira. Mashindano ya kwanza ya wazi kwa raia yalifanyika Norwe tarehe 31 Oktoba 1897, karibu na mji ambao leo unaitwa Oslo. Lakini aliyeufanya kuwa mchezo wa watu wote ni Meja Ernst Killander wa Uswidi, mwanajeshi aliyekuwa pia kiongozi wa skauti. Aliona vijana wanaanza kuchoka na riadha ya kuzunguka uwanja, akaona awapeleke msituni. Tarehe 25 Machi 1919 aliandaa mashindano kusini mwa Stockholm, na watu zaidi ya 200 wakajitokeza.

Mwaka 1961 nchi 10 zilikutana Copenhagen, Denmark, zikaunda shirikisho la kimataifa. Leo wanachama wake wamezidi 70. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Ufini mwaka 1966. Lakini sifa ya mchezo huu ipo zaidi katika wingi wa watu wa kawaida wanaoshiriki. Huko Uswidi kuna mashindano ya siku tano yaitwayo O-Ringen. Yalipoanza mwaka 1965 yalikuwa na washiriki 156. Miaka 20 baadaye, mwaka 1985, washiriki walizidi 20,000, wakiwamo familia nzima zilizolala katika mahema.

Uingereza nayo iliupokea mchezo huu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukianzia Uskoti kwa msaada wa Waswidi. Kati ya walioueneza ni wanariadha wawili wa mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo baadaye ndugu zetu wa Kenya walizifanya kuwa mali yao. Mmoja ni Chris Brasher, aliyepata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Mwingine ni John Disley, aliyepata ya shaba Helsinki mwaka 1952. Hao hao wawili ndio walioanzisha mbio za marathoni za London mwaka 1981.

Faida kwa mwili

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Watoto na vijana wanahitaji walau dakika 60 kila siku. Wazee wenye miaka 65 na zaidi wanashauriwa waongeze mazoezi ya kujenga nguvu na mizani ya mwili mara tatu kwa wiki, ili wasianguke ovyo.

Wengi wetu tunajua hayo, lakini tunashindwa kuyatenda kwa sababu kutembea bila lengo kunachosha. Ukimwambia mzee mwenye kisukari azunguke nyumba yake mara hamsini, atazunguka siku mbili, ya tatu atakaa. Mpe ramani yenye vituo vinane vya kutafuta, naye atatembea saa nzima bila kuangalia saa, kwa kuwa akili yake ipo kwenye kituo kinachofuata. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, na huyu hatembei bure.

Tena ardhi ya msituni si sawa na barabara. Kuna mizizi, mawe, miteremko na majani yanayoteleza. Kila hatua inataka kifundo cha mguu, goti na kiuno vifanye kazi pamoja. Hiyo ndiyo mizani ya mwili ambayo mzee huipoteza akikaa kitini siku nzima. Ni vizuri aanze polepole, penye njia iliyo sawa, na mkongojo wake kama anao.

Faida kwa akili

Ndani ya ubongo wetu kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, ambayo hutusaidia kukumbuka mambo na kujua tuko wapi. Mwaka 2000 wataalamu wa London walichapisha uchunguzi wa madereva wa teksi wa mji huo, ambao hulazimika kukariri mitaa maelfu kabla ya kupewa leseni. Iligundulika kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Ubongo unaotafuta njia hupata mazoezi, kama mguu unaotembea.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, walichapisha uchunguzi wa watu 158 wenye umri wa kati ya miaka 18 na 87. Wale wenye uzoefu mkubwa wa mchezo huu walieleza kwamba wanajua kutafuta njia na kukumbuka mahali vizuri zaidi kuliko wale wasiocheza. Tusichukue jambo hili kuwa dawa ya kuondoa usahaulifu wa uzeeni. Huo haujathibitishwa kuponywa kwa ramani. Hata hivyo wataalamu wanaona ni jambo la busara kuunganisha mazoezi ya miguu na ya kichwa kwa wakati mmoja. Siku hizi simu ya mkononi hutuambia "geuka kulia, geuka kushoto", nasi tunatii bila kufikiri. Vijana wetu wana haja ya kujua mashariki ni wapi hata betri ikiisha.

Faida kwa familia

Huko Uingereza, katika mashindano ya kawaida ya mwisho wa wiki, njia hupangwa kwa rangi. Njia nyeupe ni ya watoto na wanaoanza kabisa: ni kama kilomita 1 hadi 1 na nusu, yote hufuata njia za miguu, na kila penye njia panda kuna kituo. Ya njano ni ngumu kidogo, ya machungwa inazidi, na kuendelea hivyo hadi kijani, buluu na kahawia, ambazo ni za wazoefu. Watoto wadogo mno, wasiojua kusoma ramani, hutandikiwa kamba ndefu kupita kati ya miti. Mtoto huifuata kwa mkono na kukuta picha au vibendera njiani. Anarudi peke yake kwa mama yake, kifua mbele.

Baba na binti yake wanaweza kwenda pamoja na ramani moja. Baba anauliza, "Sasa twende wapi?" na mtoto anajibu. Mara ngapi katika wiki mtoto wako hupewa nafasi ya kukuongoza wewe? Na wakipotea, hakuna refa wa kupuliza filimbi wala watu wa kuzomea. Wanasimama, wanaigeuza ramani, wanatafuta kitu wanachokifahamu, wanaanza upya. Hilo nalo ni fundisho la maisha.

Walemavu nao wana sehemu yao. Kuna aina ya mchezo huu ambamo washiriki, wengine wakiwa katika viti vya magurudumu, hubaki barabarani na kutazama vibendera kadhaa kwa mbali. Kazi yao ni kuamua ni kipi kati ya hivyo kinacholingana na ramani. Mbio za miguu hazihesabiwi, hivyo asiye na miguu hushindana sawa na mwenye miguu. Mashindano ya dunia ya aina hii yalianza mwaka 2004.

Msiba wa Uswidi na fundisho lake

Sasa tufikie lile tuliloahidi. Mchezo huu uliwahi kuleta magonjwa kwa wachezaji wake mara mbili, na mara zote mbili nchini Uswidi.

Mara ya kwanza ilikuwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wachezaji zaidi ya 500 walipata homa ya ini ya aina ya B. Madaktari walijiuliza: hawa ni vijana wenye afya, wamepata wapi ugonjwa unaoenea kwa damu? Ikaonekana kwamba wachezaji walikimbia miguu ikiwa wazi, wakachanwa na matawi na miiba, kisha wakaoga pamoja kwa maji ya kushirikiana. Damu ya mmoja ilipata njia ya kuingia kwa mwingine. Tangu hapo ikaamriwa kwamba mchezaji avae nguo zinazofunika miguu.

Mara ya pili ilikuwa ya kutisha zaidi. Kati ya mwaka 1979 na 1992, vijana 16 wa Uswidi waliocheza mchezo huu, wanaume 15 na mwanamke 1, walifariki ghafla. Hawa walikuwa wanariadha imara. Wengine walianguka katikati ya mazoezi au mashindano. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba baadhi yao misuli ya moyo ilikuwa imevimba. Wataalamu walibishana sana juu ya vimelea vilivyoleta hali hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1992 viongozi wa mchezo huo nchini Uswidi walichukua hatua nzito: walisimamisha mazoezi makali na mashindano ya wachezaji wa ngazi ya juu kwa miezi kadhaa. Vijana wakafundishwa kutokufanya mazoezi makali wakiwa na maambukizo mwilini. Baada ya hapo mfululizo ule wa vifo ukakatika.

Wazazi wapendwa, jambo hili halihusu Uswidi peke yake, wala mchezo wa ramani peke yake. Linahusu kijana wako anayecheza mpira wa parokia. Ni mara ngapi tumesikia kocha au rafiki akimwambia kijana mwenye homa, "Kimbia, utoe jasho, itaisha"? Maneno hayo ni ya hatari. Vijidudu vinavyoleta mafua, kikohozi na homa vinaweza mara chache kuingia katika misuli ya moyo. Moyo uliovimba ukilazimishwa kufanya kazi ngumu unaweza kusimama. Shikeni basi kanuni hizi:

1. Mwenye homa, maumivu ya mwili mzima, au kikohozi kizito asifanye mazoezi makali. Apumzike. Kwetu, mwenye homa apimwe malaria kwanza.

2. Akipona, asirudi siku hiyo hiyo kwenye mbio kali. Aanze kwa kutembea, aongeze polepole kwa siku kadhaa.

3. Anayeumwa kifua, anayezimia, au anayesikia moyo ukienda mbio bila mpango wakati wa mazoezi, aache mara moja na apelekwe hospitali. Asiambiwe kwamba ni uvivu.

4. Ikiwa katika ukoo kuna kijana aliyewahi kufa ghafla, mweleze daktari.

5. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au pumu anaweza kushiriki kwa kutembea, lakini apate kwanza ushauri, na abebe dawa yake. Wa kisukari abebe pia kitu cha sukari.

Nani huandaa?

Ukiona watu 100 wanafurahia msituni asubuhi ya Jumapili, ujue wako watu kama 20 waliofanya kazi kabla yao. Uingereza kazi hizo hugawanywa kwa wakuu watatu. Mratibu huomba ruhusa kwa mwenye msitu, hutafuta mahali pa magari na vyoo, na huwagawia watu kazi. Mpanga njia huamua vituo viwekwe wapi, na alfajiri huvipeleka mwenyewe mahali pake. Mkaguzi hufuata nyuma yake na kuhakikisha kwamba kila kibendera kipo pale ramani inaposema. Mkaguzi ni mtu wa maana sana, kwani kibendera kimoja kikiwekwa katika bonde lisilo lake, watu wote watapotea na lawama haitakuwa yao.

Chini ya hao watatu zipo kazi nyingi ndogo: kuandikisha majina, kuita watu kwa zamu mahali pa kuanzia, kuandika saa mahali pa kumalizia, kuongoza magari, kuchemsha chai, kukaa na sanduku la huduma ya kwanza, na jioni kwenda kukusanya vibendera. Wengi wa wasaidizi hugawana zamu: nusu hukimbia mapema halafu hushika kazi, nusu hufanya kazi kwanza kisha hukimbia. Mzee ambaye magoti yake yamekataa kilima anakaa mezani na kitabu cha majina. Kila kijana anayemaliza humpitia na kumweleza alivyopotea na alivyojikomboa. Upweke ni ugonjwa mkubwa wa wazee, na hapa mzee hana nafasi ya kuwa mpweke.

Kazi moja hupita zote kwa uzito, nayo ni kuhesabu wanaorudi. Sheria ya mchezo huu kila mahali ni hii: anayeondoka lazima aripoti mahali pa kumalizia, hata kama hakuona kituo hata kimoja, hata kama aliacha njiani na kuona aibu. Akienda nyumbani kimya kimya, wenzake watabaki msituni usiku wakimtafuta. Zamani kadi za mchezo zilikuwa na kipande cha kukatwa. Kipande kilibaki kwa wasimamizi, kadi ikaenda na mchezaji. Akirudi, vilikutanishwa. Mwisho wa siku vipande visivyo na kadi ndivyo vilivyowaambia wasimamizi ni nani bado yuko porini, na hakuna aliyeruhusiwa kufunga kazi mpaka hesabu itimie. Mwinjili Luka anatueleza juu ya mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja. Msimamizi wa mchezo huu huishi mfano huo kila wiki.

Kila mshiriki hushauriwa pia kubeba filimbi. Aliyeumia hupuliza mara sita ndani ya dakika moja, hunyamaza dakika moja, kisha hurudia. Na yeyote anayemkuta mwenzake ameumia ni lazima aache mashindano yake na kumsaidia. Hapo ushindi hauna maana tena.

Tuanzeje parokiani?

Pengine msomaji anasema, "Hayo ni ya Wazungu wenye ramani za rangi na misitu mikubwa." La hasha. Mchezo huu unaweza kuanza katika kiwanja cha kanisa na shule. Vijana wa VIWAWA na wanafunzi wa TYCS wanaweza kuandaa, WAWATA wakasaidia chakula na huduma ya kwanza, na watoto wa Utoto Mtakatifu wakawa washiriki wa kwanza. Fuateni hatua hizi:

1. Choreni ramani. Pimeni kiwanja kwa hatua. Onyesheni kanisa, nyumba ya mapadre, madarasa, kisima, mwembe mkubwa, shamba la mahindi, njia na mifereji. Wekeni mshale wa kaskazini. Mwalimu wa jiografia atafurahi kuwasaidia.

2. Ombeni ruhusa. Paroko, mwalimu mkuu, serikali ya kijiji na kila mwenye shamba linalopakana wajulishwe. Mazao ya watu yaheshimiwe.

3. Tengenezeni vituo 10. Kipande cha kitambaa cheupe na cha rangi ya machungwa kinatosha. Badala ya kitobolea, fungeni penseli ya rangi yake kwa kila kituo, au andikeni herufi ambayo mshiriki ataiandika kwenye kadi. Herufi zikiunganishwa zinaweza kufanya neno.

4. Chagueni aina nyepesi ya mashindano. Inayofaa kwa kuanza ni ile ya muda: kila mmoja hupewa dakika 45, hutafuta vituo kwa mpangilio anaoutaka, na kila kituo ni alama 10. Anayechelewa hupunguziwa alama kwa kila dakika. Hivyo mwenye mbio hutafuta vituo vyote, na bibi hutafuta vinne vya karibu, na wote hurudi saa moja. Hilo huwarahisishia wahesabu kazi.

5. Mtu mwingine akague. Aliyeweka vituo asiwe ndiye anayehakikisha. Kuuliza si ujinga.

6. Andikeni majina ya wanaoondoka na wanaorudi. Mtu mmoja apewe kazi hii tu, asipewe nyingine.

Mazingira yetu nayo yana hatari zake. Anzeni saa 2 asubuhi kabla jua halijawa kali. Kuwe na maji safi ya kunywa mwanzo na mwisho, kila mtu na kikombe chake. Vaeni viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu, au soksi ndefu kwa wanaovaa sketi, kwa ajili ya miiba, kupe na nyoka. Msiweke kituo karibu na kisima kilicho wazi, barabara kuu, mizinga ya nyuki au makorongo. Msipitishe watu katika maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho. Watoto wadogo waende wawili wawili, au pamoja na mkubwa. Mchubuko wowote uoshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, na anayemhudumia mwenye kidonda avae glavu. Wale Waswidi 500 walitufundisha.

Neno la mwisho

Kanisa halijawahi kudharau mwili. Mtakatifu Paulo anawakumbusha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kijana Mwitalia Pier Giorgio Frassati, aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda sana kupanda milima pamoja na rafiki zake. Huyo huyo aliwahudumia maskini wa mji wa Torino bila kujitangaza. Nguvu za miguu yake alizitumia kilimani, na kwenye ngazi za nyumba za wagonjwa.

Basi, katika mkutano ujao wa Jumuiya yenu Ndogo Ndogo, ulizeni: ni nani kati yetu hajafanya mazoezi tangu amalize shule? Ni mzee gani anayekaa peke yake kila Jumapili baada ya Misa? Mpeni wa kwanza ramani, na wa pili kitabu cha majina. Na jioni, kabla ya kufunga kazi, huyo mzee ahesabu mara mbili.